Kilosa ina reli, mbona mahindi yanapanda lori?

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa yamepamba moto, Kilosa humshangaza mgeni. Mji huu uko kwenye Reli ya Kati tangu mwaka 1909, na siku hizi una reli mbili: ile ya zamani iliyojengwa na Wajerumani na ile ya kisasa ya umeme. Lakini mahindi, mpunga, ufuta na mbaazi vinaondoka kwa Fuso na semi, vinapita Rudewa mpaka Dumila, na huko vinashika barabara kuu kwenda Morogoro na Dar es Salaam.

Ukiuliza sababu utapewa majibu ya papo kwa papo: wa reli wamelala, wenye malori wana mkono mrefu, mkulima hana wa kumsemea. Siyapuuzi majibu hayo. Ila yote yanatafuta mtu wa kulaumu kabla ya kutazama jinsi treni ya mizigo inavyofanya kazi, na tusipoitazama tutaendelea kuidai reli kitu ambacho haikuundwa kukifanya. Reli hutaka mzigo mkubwa, wa aina moja, uliokwisha kukusanywa mahali pamoja na unaokwenda mahali pamoja. Kilosa iliwahi kuwa na mzigo wa namna hiyo. Ulikuwa mkonge.

Reli iliyolelewa na mkonge

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ulifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Kilosa 1909, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Njia haikuchaguliwa ovyo. Kutoka tambarare za Mkata, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, reli ilipaswa kupanda hadi uwanda wa Dodoma ulio zaidi ya mita 1,100, na katikati imesimama milima ya Usagara. Mahali pepesi pa kupenya ni bonde la Mto Mkondoa. Misafara ya wapagazi ilikuwa imekwisha kuligundua hilo kabla ya mhandisi yeyote kuja na vipimo vyake. Na Msowero, ambako Mjerumani Carl Peters alimwekea chifu Mangungo karatasi ya mkataba mwaka 1884, iko humu humu wilayani Kilosa. Kwa hiyo Wajerumani walikuwa na hamu na nchi hii muda mrefu kabla ya chuma kulazwa.

Reli ilipofika, mashamba makubwa yalifuata. Kimamba, stesheni jirani kwa upande wa Morogoro, ilikua kwa mkonge, na vivyo hivyo Rudewa na viunga vya Kilosa yenyewe. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, Songea, Kigoma, hata Burundi, wakaitwa manamba. Wajukuu wao bado wako Kilosa, na ndiyo maana wilaya ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda imejaa majina ya kila kona ya nchi.

Tuutazame mkonge wenyewe, kwa sababu jibu limejificha humo. Majani yalikatwa, yakafungwa mafungu, yakasafirishwa ndani ya shamba kwa vitoroli vya reli nyembamba hadi korona, yaani mashine ya kukamua nyuzi. Nyuzi zilianikwa, zikapigwa brashi, zikashindiliwa kuwa marobota ya kilo 250 kila moja. Robota halivunjiki wala haliozi upesi. Likikaa stesheni wiki mbili halipungui thamani. Mwenyewe ni mmoja, tajiri mwenye shamba au kampuni, na anayo ghala, karani, mizani na mkataba na mnunuzi wa Ulaya. Safari inaishia bandarini. Mtu wa namna hii akipiga simu kuomba mabehewa kumi, wa reli anajua kwamba atayakuta yakijazwa kwa siku moja na kwamba wiki ijayo ataomba mengine.

Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoipita duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakawa mali ya umma, na uendeshaji wake haukumudu kishindo cha bei. Korona zikanyamaza moja baada ya nyingine. Baadhi ya mashamba yaligeuka pori, baadhi yakawa malisho, na mengine hati zake zilifutwa na ardhi ikagawiwa wananchi.

Hilo la mwisho lilikuwa haki na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Watu waliokuwa wakiishi pembezoni mwa ardhi ambayo babu zao waliilima kwa ajili ya wengine walipata ekari zao. Lakini kwa upande wa reli, mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja ngumu: mteja mmoja mwenye marobota elfu moja aliondoka, wakaja wateja elfu moja, kila mmoja na magunia yake kumi. Stesheni ni ile ile. Hakuna aliyepewa kazi ya kuwa katikati yao.

Hesabu ya behewa moja

Behewa la mizigo la reli ya zamani hubeba kama tani 40. Kwa magunia ya kilo 100 hayo ni magunia 400. Sasa mchukue mkulima mwenye ekari tatu za mahindi, mvua ikiwa ya wastani, hana trekta, mbolea kaweka kidogo. Tuseme anapata magunia sita kwa ekari, jumla kumi na nane. Nane anaweka ndani kwa chakula cha nyumbani na mbegu za dharura. Anauza kumi. Ili kulijaza behewa moja tunahitaji wakulima 40 kama yeye, walio tayari kuuza wiki ile ile, wenye mahindi yaliyokauka sawasawa, waliokubali mizani moja na bei moja. Treni ya mabehewa 20 inataka wakulima 800.

Treni si daladala. Haisimami kila mahali kumwokota mwenye debe mbili. Kichwa cha treni kikishawashwa, mafuta, dereva, wasimamizi wa stesheni na matengenezo ya njia vyote vinalipiwa, liwe limefungwa behewa moja au ishirini. Ndiyo maana usafiri wa reli unakuwa rahisi sana mzigo ukiwa mwingi na safari ikiwa ndefu, na unakuwa ghali mzigo ukiwa mdogo na safari fupi. Kilosa iko kama kilomita 280 tu kutoka Dar es Salaam kwa reli. Kwa shirika linaloweza kupeleka kontena Mwanza au Kigoma, kusimamisha treni nusu ya siku Kilosa ili kupakia mahindi ya safari ya kilomita 280 ni hesabu ngumu.

Upande wa mfanyabiashara hesabu ni kali zaidi. Fikiria mnunuzi mwenye mtaji wa kununua magunia mia moja. Lori linamfuata mpaka kijijini, hata mpaka kichwani mwa shamba kama njia inapitika. Vijana wanapakia mara moja. Jioni anaondoka, usiku yuko njiani, alfajiri yuko Tandale, soko la nafaka la Dar es Salaam, anashusha mara moja na kuuza. Kesho kutwa amerudi Kilosa na fedha mkononi, ananunua tena. Faida yake haitoki kwenye gunia moja, inatoka kwenye mara ngapi mtaji umezunguka kabla msimu haujaisha.

Mweke mtu huyo kwenye reli. Atakodi gari dogo kutoka kijijini hadi stesheni, atalipa vijana wa kushusha, atatafuta mahali pa kulaza magunia yasinyeshewe, atalipa wa kupakia kwenye behewa, atasubiri kichwa. Dar es Salaam atashusha, atapakia tena kwenye gari la kwenda Tandale, atashusha tena. Kila kupakia na kushusha kuna ujira wake, na gunia hutoboka, na kilo kadhaa hubaki sakafuni. Hata nauli ya reli ikiwa nusu ya nauli ya lori, mikono hii ya katikati inaweza kuimeza tofauti yote. Na kama treni haina siku inayojulikana, mtaji wake umelala ndani ya behewa huku bei ya Tandale ikishuka.

Nasisitiza hili la siku inayojulikana kwa sababu mara nyingi mjadala huishia kwenye nauli. Mfanyabiashara wa mazao anaweza kuvumilia safari ya siku tatu. Asichoweza kuvumilia ni safari ambayo huenda ikawa siku tatu na huenda ikawa kumi.

Kwa hiyo masoko yamejengwa kandokando ya lami. Dumila na Gairo, na mbele zaidi Kibaigwa, soko kubwa la mahindi upande wa Dodoma, yote yamekua kwa sababu lori husimama mtu anapotaka. Kipande cha Dumila kuja Rudewa kilipowekwa lami, Kilosa nayo ilivutwa kuelekea barabarani.

Mto unaodai njia yake

Bonde lile lile lililoipa reli mteremko mpole ndilo linaloiumiza. Mto Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake mengi hutoka Dodoma na Mpwapwa, ambako unaitwa Kinyasungwe. Unapita Gulwe na Kidete, unashuka Kilosa, kisha unaungana na Wami kwenda Bahari ya Hindi. Kwa karibu safari yote kutoka Kilosa hadi Gulwe reli ya zamani inatembea ubavuni mwa mto huo, mahali pengine hatua chache tu kutoka ukingoni.

Nchi ya juu ni kavu, miti imekatwa, mifugo ni mingi, udongo ni mwepesi. Mvua kubwa ikinyesha Mpwapwa, maji hayazami. Yanateremka na mchanga, na mchanga huo unatua pale bonde linapopanuka, yaani Kilosa. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Mto ukipanda, daraja lililokuwa na nafasi ya kutosha wakati wa Mjerumani linakuwa dogo, na karavati linaziba. Siku moja maji yanaamua kupita juu ya tuta, na kokoto zikishaondoka, reli na mataruma vinabaki vikining'inia hewani.

Zamani kulikuwa na breki. Bwawa la Kidete lililokuwa juu ya mto lilishika sehemu ya mafuriko, mpaka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipolibomoa. Kilosa mjini kulikuwa na tuta refu la kuukinga mji. Desemba 2009, kuingia Januari 2010, tuta hilo lilishindwa. Maelfu ya watu walikosa makazi wakaishi kwenye mahema, na reli ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Treni za kwenda bara zilisimama kwa miezi. Tangu hapo kipande hicho kimekatika tena na tena misimu ya mvua, na kila mara mafundi hurudi kulirudisha tuta mahali pale pale, kwa sababu bonde ni jembamba na mahali pengine hapana pa kwenda.

Athari yake kwa mkulima wa Kilosa si ya moja kwa moja, kwani yeye anatazama mashariki na njia hukatika magharibi. Lakini mabehewa na vichwa ni vya nchi nzima. Njia ikikatika Kidete, mabehewa yanakwama upande wa pili, ratiba inavurugika, fedha za kununua vichwa vipya zinakwenda kununua mawe ya kujaza shimo. Mfanyabiashara aliyeshuhudia hivyo mara mbili hurudi kwenye lori, na ni vigumu kumrudisha stesheni kwa maneno.

Mto na reli havikupigana peke yao, kwani usimamizi nao umepitia mikono mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilianzisha Shirika la Reli, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa TRL, ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia uliovunjika baada ya miaka michache. Sheria ya Reli ya 2017 ikairudisha TRC. Katika kuhamahama huko kote, biashara ya vifurushi vidogo vya stesheni ndogo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutupwa.

Kuna tawi la Kidatu pia. Reli ya kama kilomita 108 inatoka Kilosa kwenda kusini, inapita Mikumi na kuishia Kidatu, penye viwanda vya sukari vya Kilombero. Ilijengwa katika miaka ya 1960, na kwenye ramani ni ya thamani kubwa, kwa sababu Kidatu ndipo inapokutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Tatizo ni upana. Reli ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA ni milimita 1,067. Kwa tofauti hiyo ndogo isiyotimia upana wa kiganja, behewa haliwezi kuvuka, na mizigo lazima ifaulishwe. Mahali pa kufaulisha palijengwa Kidatu, lakini tawi lenyewe limekaa vipindi virefu bila treni. Sasa reli ya kisasa imekuja na milimita 1,435. Ndani ya mkoa mmoja wa Morogoro kuna reli za vipimo vitatu, na hakuna behewa hata moja linaloweza kutembea kwenye zote.

Umeme umefika, dirisha limefungwa

Reli ya kisasa imetatua matatizo ambayo ile ya zamani haikuyaweza. Kati ya Kilosa na Kidete imetoboa milima kwa mahandaki badala ya kuufuata mto kila unapopinda, na matuta yake yameinuliwa juu. Abiria wa Dar es Salaam na Dodoma walianza kusafiri nayo Julai 2024, na treni za kawaida husimama Kilosa. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili, mwanafunzi wa Dodoma, mfanyabiashara mwenye miadi Kariakoo, wote wamepata kitu ambacho wazazi wao hawakukijua. Mwaka 2025 treni za mizigo nazo zilianza kutumia njia hiyo.

Lakini kuna kundi ambalo hesabu za mradi hazikuligusa. Treni ya zamani ya abiria ilipokuwa ikisimama stesheni, biashara ilifanyika dirishani. Ndizi mbivu, miwa iliyokatwa vipande, maembe ya msimu, mahindi ya kuchemsha, kuku wa kukaanga kwenye beseni lililofunikwa kwa kanga. Mama anashika beseni kichwani, anainua mkono mmoja na bidhaa, mwingine anapokea noti, treni ikianza kusogea anatembea nayo hatua kadhaa akihesabu chenji. Kila stesheni ilijulikana kwa kitu chake: Saranda kwa chakula, Tabora kwa asali, Uvinza kwa chumvi. Abiria wa Kigoma alikuwa akiitazama nchi kwa kula.

Kwa mkulima mdogo lile lilikuwa soko la reli la kweli, na lilimfaa kwa sababu halikumtaka ajaze behewa. Mkungu mmoja wa ndizi ulitosha. Behewa la treni ya umeme lina kiyoyozi na vioo visivyofunguka, treni husimama dakika chache, na jukwaa ni la mwenye tiketi. Sisemi turudishe vumbi. Nasema kwamba stesheni mpya zina nafasi ya kutosha kwa vibanda vya kupangisha kwa bei ya mama wa beseni, na kama nafasi hizo zitagawiwa kwa zabuni ya wenye mitaji ya mjini, mji mdogo wa wakulima utakuwa umepewa treni ya kupita tu.

Mazao gani yanaweza kurudi relini

Tukishaelewa kwamba tatizo ni kukusanya, maswali yanabadilika. Tunaanza kuuliza nani atakuwa na ghala, liko umbali gani kutoka relini, na treni inaondoka siku gani.

Kuna mzigo ambao tayari unakusanywa. Ufuta katika mikoa kadhaa, Morogoro ikiwemo, huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, mazao yanapimwa na kuwekwa ghala moja, kisha yanauzwa kwa mnada. Wakulima wana malalamiko halali juu ya mfumo huo, hasa kucheleweshewa malipo na makato mengi, na si haki kuyafunika. Lakini kwa reli, mfumo huo umefanya kazi ambayo tajiri wa mkonge alikuwa akiifanya. Siku ya mnada, tani mamia ziko mahali pamoja, zimekauka, ziko kwenye magunia yanayofanana, na mnunuzi wake mara nyingi anazipeleka bandarini. Hapo Tandale haihusiki, na mikono ya katikati inapungua kwa nusu.

Kinachokosekana mara nyingi ni mita mia chache. Ghala likiwa upande mmoja wa mji na reli upande mwingine, gunia lazima lipande gari, na likishapanda gari dereva atauliza kwa nini asiende nalo Dar es Salaam moja kwa moja. Ghala linapaswa kukaa kwenye kipande cha reli ya pembeni ambako behewa linaweza kuachwa siku mbili bila kuzuia njia. Halmashauri inayojenga ghala jipya la mazao kando ya lami, katika mji wenye reli, inapaswa kuulizwa swali hilo kabla ya msingi kuchimbwa.

Jambo la pili ni mabehewa ya kurudi. Mizigo inayoingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam ni mingi kuliko inayotoka, kwa hiyo treni nyingi hupanda bara zimejaa na kushuka na mabehewa matupu. Behewa tupu linalopita Kilosa kwenda pwani limekwisha kulipiwa sehemu kubwa ya gharama zake. Bei yake kwa ushirika inaweza kuwa ya chini kuliko nauli ya kawaida na shirika bado likapata faida, kwa sharti kwamba siku ya kulichukua ijulikane na mzigo uwepo siku hiyo. Sharti hilo linawafunga wote wawili. AMCOS ikiahidi magunia 400 Jumanne, wa reli akaleta behewa, akakuta magunia 150, hatakuja tena.

Ufuta unaweza kuanza kesho ghala likiwepo. Mbaazi zinafuata mkondo huo huo, kwani nazo zinakwenda nje. Mpunga unaweza kuingia baadaye kama mashine za kukoboa zitajengwa karibu na stesheni na mchele ukauzwa kwa taasisi zinazonunua kwa tani, kama shule na majeshi. Mahindi ya mkulima wa ekari tatu, yanayokwenda Tandale leo usiku kwa sababu karo ya mtoto inadaiwa kesho kutwa, yatabaki kwenye Fuso kwa muda mrefu, na mkulima huyo atakuwa sahihi. Kwake yeye msaada ulio karibu zaidi ni barabara ya kutoka shambani inayopitika masika yote, na mizani ya halali kijijini ili gunia lake lisipimwe lumbesa, yaani kujazwa kupita kipimo.